Vioo vya Kumimina: Tunamkumbuka Fundi Anania wa Makere

Wasikilizaji wapendwa, amani ya Mungu iwe nanyi popote mlipo, jikoni, shambani, au mnapofungua duka. Leo tunamkumbuka mtu mmoja. Jina lake ni Anania Nduwayezu. Alikuwa fundi. Aliishi Makere, wilaya ya Kasulu, na alizaliwa Busunzu, wilaya ya Kibondo. Alifariki mwezi wa sita mwaka huu wa 1999, kwa homa iliyomshika siku chache tu. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa popote. Mama yake anaukumbuka kwa sababu nzige walikula mtama wote.

Wengi wenu mlimjua kwa asali. Wengine mlilalia vitanda alivyochonga. Lakini leo hatutazungumza sana habari za asali wala vitanda. Tutazungumza habari za treni. Treni ndogo ya mbao, ya kuwekwa juu ya meza, na hasa madirisha yake.

Huku kwetu milimani, wasikilizaji, treni haifiki. Reli inaishia Kigoma, kando ya ziwa. Wapo wazee wengi wa Kibondo na Kasulu ambao hawajaiona kwa macho. Bibi Esteri Ndayikunda, mama mzazi wa Anania, ni mmoja wao. Ameisikia ikitajwa maisha yake yote. Ilimchukua mwanawe wa kwanza.

Ilikuwa hivi. Wazazi wa Anania walitoka Burundi kabla ya uhuru, wakapata shamba Busunzu, wakawa watu wa Busunzu. Baba yake alikuwa mzee Nkunzimana, mkulima wa maharage na ndizi. Anania alipokuwa kijana alikwenda kutafuta kazi, akafika Tabora, akaajiriwa karakana ya mabehewa. Huko kila fundi alikuwa na kiungo chake. Huyu viti, huyu breki, huyu rangi. Anania alipewa madirisha.

Kazi yake ilikuwa hiyo. Behewa linaingia, vioo vimevunjika. Vingine vimevunjwa kwa mawe, vingine kwa mabegi, vingine kwa vichwa vya watu waliosinzia. Anatoa kipande kilichobaki, anapima, anakata kioo kipya, anakibana kwa raba, behewa linatoka. Alifanya hivyo zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka 1978 mzee Nkunzimana alifariki. Habari zilipofika Tabora, Anania hakuwepo. Mvua zilikuwa zimebeba tuta la reli upande wa Dodoma, mabehewa yamekwama na abiria ndani, na mafundi walikuwa wamepelekwa huko. Aliporudi akakuta ujumbe unamsubiri. Alipofika Busunzu, matanga yalikuwa yameshaanuliwa.

Sasa, katika ukoo wao mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini. Udongo ule aliutupa mdogo wake, Melkiadi. Melkiadi anasema haukuwa wa kwake kuutupa.

Bibi Esteri hakumfukuza mwanawe. Hakumlaani. Mke wa Anania, mama Maximilla, anatusimulia hivi: "Mama mkwe si mtu wa kelele. Kila tulipokwenda kumsalimia alipokea mzigo, alipika, alitandika kitanda. Halafu akishakaa anapukuchua maharage anauliza, mwana wanje, yaani mwanangu, huko kwenye reli ulikuwa unafanya nini hasa? Mume wangu anajibu, natia vioo, mama. Anauliza, hao unaowatilia vioo ni ndugu zako? Anajibu, ni abiria. Mama anasema, abiria. Basi. Anaendelea na maharage yake."

Neno hilo moja, wasikilizaji. Abiria. Anania alilisikia miaka na miaka, kila likizo.

Mwaka 1994 wafanyakazi wengi walipunguzwa karakana, naye akiwemo. Alihamia Makere, nyumbani kwao mkewe. Akaweka mizinga ya nyuki msituni, akafungua kibanda cha useremala. Watoto walikuwa wameshakua. Maisha yalikwenda.

Mwishoni mwa 1997 Melkiadi alileta habari kutoka Busunzu. Macho ya mama yamepimwa. Ni presha ya macho. Jicho moja limekwisha, la pili linafuata. Daktari amesema ukweli wake: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hakitakaa sana.

Anania hakula siku ile. Kesho yake baada ya misa alimwambia mkewe, "Mama hajawahi kuona kazi yangu."

"Mpeleke Kigoma aione treni," mama Maximilla akasema.

"Na kile kiuno chake? Atapanda lori la nani?"

"Basi mchoree."

"Nitamjengea."

Alitoa ubao wa mninga aliokuwa ameuweka kwa ajili ya kabati la parokia, akaanza kupima. Futi moja ya behewa la kweli aliifanya nusu inchi. Hakuwa na mchoro, vipimo vilikuwa kichwani. Alichonga kichwa cha treni kwa haraka, maana hicho, alisema, kila mtu anakijua. Nguvu zote aliziweka kwenye behewa la daraja la tatu. Viti vya mbao ndani, mlango unaofunguka, paa linalotoka kama kifuniko. Kuta zake alizipiga randa mpaka zikawa nyembamba, akakata matundu ya madirisha, akayapigia msasa pembe zake za mviringo.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Matundu yalikuwa matupu.

Alijaribu kioo cha kweli, cha fremu za picha. Kikawa kinene mno kwa behewa dogo, na kila alipotaka kukizungusha pembe kilipasuka. Alijaribu karatasi ya nailoni inayofungiwa mashati mapya. Ikakunjamana, ikachunika. Mama Maximilla alimwona amekaa na behewa mapajani, analitazama, akamwita kwa jina la binti yao.

"Baba Epifania, mpelekee hivyo hivyo. Ataona matundu, atajua ni madirisha."

"Bila vioo hili ni la seremala yeyote. Si langu."

"Macho yake hayatakusubiri wewe."

"Najua."

Alijua kweli. Lakini alifikiri hivi: nikimpelekea tundu, nitakuwa nimemwonyesha kitu ambacho sikukifanya. Ataniuliza tena swali lake, nami sitakuwa na cha kushika mkononi. Akaamua kusubiri.

Wasikilizaji wapendwa, mnakumbuka miaka ile ndugu zetu wa Kongo walipoingia, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa jirani na Makere. Mmoja wao aliitwa Rigobert. Kwao ni Uvira, na kazi yake ilikuwa kuziba maboti. Alikuja kibandani kwa Anania kuomba msumari, akaona behewa, akasahau msumari.

"Papa, hii ni treni ya Kalemie kabisa," akasema. "Lakini madirisha iko wapi?"

"Ndiyo nayatafuta."

"Unatafuta kioo ya nini? Kioo inakatwaka. Dirisha ndogo namna hii inamiminwa."

Siku iliyofuata alileta kopo lililofungwa kwenye kitenge. Alikuwa amevuka nalo ziwa, kwa sababu boti waliyopanda ilikuwa inavuja. Ndani mlikuwa na resini. Resini, wasikilizaji, ni maji mazito ambayo mafundi wa maboti huyatumia. Peke yake inabaki maji. Ukiitia matone ya dawa yake, inaganda, inakuwa ngumu na angavu kama kioo. Anania alilifungua kopo, akalielekeza mlangoni. Mwanga ulipita ndani yake. Alifikiri ni asali ya maua meupe, ile ya mwezi wa tano.

Rigobert alimfundisha. Unachukua kipande cha kioo kikubwa, unakipaka nta ya nyuki na kukifuta mpaka nta isionekane. Unalaza ukuta wa behewa juu yake, chali. Unachanganya resini na dawa polepole, usiingize hewa. Unamimina katika kila tundu, uzi mwembamba, mpaka ilingane na mbao. Inajaa yenyewe hadi kwenye pembe. Ikishaganda unainua ukuta, na nta inaiachia. Dirisha limeshika ndani ya fremu yake, bila raba, bila msumari. Walijaribu kwenye kipande cha mbao kibovu. Likatoka dirisha moja, lina kipovu kimoja katikati, lakini ng'ambo unaona. Anania aliliweka mbele ya jicho, akamtazama mkewe kwa kupitia humo.

"Umenenepa," akamwambia.

"Na wewe umekuwa mdogo," mama Maximilla akajibu.

Alimshukuru Mungu siku ile. Akasema Jumamosi atamimina ukuta mzima, Jumapili ijayo atakuwa Busunzu.

Jumamosi kulikuwa na baridi na ukungu, kama mnavyoujua ukungu wetu wa mwezi wa tatu. Rigobert alikuwa kambini kwenye foleni ya chakula. Anania alimimina resini yote kwenye sufuria, akatia dawa, akakoroga polepole kama alivyofundishwa. Akaona ina utusitusi. Si kama ile ya kwanza. Imekuwa kama ina maziwa kidogo.

Sasa sikilizeni. Mtu wa asali akiona asali yake imefanya wingu kwa sababu ya baridi, anafanya nini? Anaiweka kwenye maji ya moto. Kila nyumba ya Makere inajua hivyo. Asali inatulia, inakuwa safi tena. Anania alikuwa ameshazoea nyuki. Mikono yake ilifanya kabla hajafikiri. Aliteleka maji, akaiweka ile sufuria ndani yake.

Ilianza kuwa safi, naye akafurahi. Halafu ikatoa moshi. Halafu ikatoa sauti kama kuni mbichi. Alipoitoa ilikuwa imeshakuwa jiwe, la manjano, lina nyufa kutoka juu hadi chini. Sufuria imeshikwa nayo moja kwa moja.

Mama Maximilla alikuja mbio kwa sababu ya harufu. Kuku walikuwa wamekimbilia migombani.

"Ni sufuria yangu ya wali hiyo?"

"Ndiyo."

"Umepika nini?"

"Madirisha," Anania akasema.

Rigobert alipofika jioni alikaa chini akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akaacha kucheka, maana aliona mwenzake hacheki.

"Papa Anania, nilikufundisha yote. Sikukufundisha usiipike, kwa sababu nani anapikaka resini? Ile kitu inajipashaka moto yenyewe. Ukiiongezea, inakasirika."

"Ipo nyingine?"

"Huku, hapana. Iko Kigoma, kwa watu ya maboti. Nitatuma salamu."

Salamu zilitumwa. Lakini mvua za mwaka ule, 1998, wasikilizaji, hazihitaji kuelezwa. Barabara ya Kigoma ilikatika, ikaunganishwa, ikakatika. Anania alisubiri kopo. Na kila Melkiadi alipotuma habari kutoka Busunzu zilikuwa fupi. Mama haoni tena kuku uani. Mama anatambua watu kwa sauti. Mama amemimina chai nje ya kikombe.

Mama Maximilla alimwambia tena aende. Akamwambia, "Peleka na matundu yake." Anania alichukua behewa, akalifunga kwenye shuka, akafika hadi barabarani. Akarudi. Hatuwezi kumsemea kwa nini. Mkewe anasema alimkuta amepiga magoti kibandani, vumbi la mbao magotini, na hakumwuliza kitu. Sala yake alimsimulia baadaye. Ilikuwa fupi. Alimwomba Mungu afanye moja kati ya mawili: alete resini, au amwondolee kiburi.

Resini ilifika baada ya Pentekoste. Safari hii Rigobert alikuwepo. Walisubiri jua la mchana lipashe kibanda. Walichanganya kidogo kidogo. Anania alimimina mwenyewe, bila kupumua sana. Walikaa kando mpaka mchana ukapita. Walipoinua ukuta wa kwanza, nta ikaachia kwa sauti ndogo. Ukuta wa pili vilevile. Madirisha yote yalikuwa angavu. Ukitazama ndani ulihesabu mbao za viti.

Rigobert akasema, "Voilà, Papa." Anania alisogea karibu. Alipiga kidole juu ya moja, kama alivyokuwa akipiga vioo Tabora kujua kama vimeshika.

Walikwenda Busunzu yeye na mkewe, behewa mapajani njia nzima. Bibi Esteri alikuwa amekaa mlangoni, uso wake umeelekea jua. Aligeuka aliposikia hatua.

"Hizo ni za Anania," akasema. "Na mwingine anayevuta mguu ni mkwe wangu."

"Mama, nimekuletea behewa," Anania akasema.

"Liweke hapa."

Akaliweka mapajani mwake. Akamwuliza, "Unaliona, mama?"

"Naona jua lipo upande huu. Basi."

Mama Maximilla anatuambia mumewe alisimama pale, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa ofisini. Miezi ile yote. Kama angekuja mwezi wa tatu na matundu yake, mama angeona. Mama Maximilla analisema hilo wazi, wala halisemi kwa ubaya. Ndivyo ilivyokuwa.

Lakini mikono ya Bibi Esteri ilikuwa imeshaanza. Ni mikono iliyochagua maharage miaka sitini. Ilipita kwenye magurudumu, ikapanda ukutani, ikafika dirishani. Ikasimama.

"Hapa pana kitu," akasema.

"Ni kioo, mama. Dirisha."

Alipitisha kidole gumba kutoka pembe hadi pembe. Akaenda la pili. La tatu. Alikwenda yote, upande mmoja, kisha akaligeuza. Akatafuta paa, likatoka, akaingiza mkono ndani akagusa viti. Akawa na mkono mmoja ndani na mwingine nje, kioo kikiwa katikati ya vidole.

"Mtu anakaa hapa?"

"Anakaa hapo."

"Na watoto?"

"Na watoto. Wengine wanasafiri siku mbili, tatu."

"Mvua ikinyesha haiwafikii."

"Haiwafikii, mama. Kikivunjika inawafikia."

Vidole vyake viliendelea kusugua kile kioo, ndani na nje.

"Siku zile za baba yako mvua ilikuwa kubwa," akasema.

"Ilikuwa kubwa."

"Na hao watu walikuwa humo ndani."

"Walikuwa humo."

Bibi Esteri alirudisha paa mahali pake, akalibonyeza mpaka likakaa. Akasema, "Kumbe ulikuwa kazini."

Hayo tu, wasikilizaji wapendwa. Kumbe ulikuwa kazini. Mama Maximilla anasema walikaa mpaka chakula kikaiva, na swali lile la siku zote halikuulizwa siku ile, wala halikuulizwa tena mpaka Anania anafariki.

Baada ya hapo Anania alirudi kwenye mizinga yake. Kabati la parokia alilimaliza kwa ubao mwingine. Watu wawili watatu walimwomba awatengenezee treni kama ile, akawaambia hana resini. Behewa lilibaki Busunzu. Tulipokwenda huko wiki iliyopita kuandaa kipindi hiki tulilikuta kitandani kwa Bibi Esteri, upande wa ukutani. Vioo vyake vimepata ukungu wa vidole. Mkwe mmoja alitaka kuvisafisha, akakatazwa.

Tunatoa pole kwa Bibi Esteri Ndayikunda, aliyemzika mumewe na sasa mwanawe. Tunatoa pole kwa mama Maximilla, kwa binti yao Epifania na wadogo zake, kwa Melkiadi na ukoo wote wa mzee Nkunzimana, Busunzu. Tunatoa pole kwa ndugu Rigobert, Nyarugusu, aliyetembea kwa miguu kuja mazishini na kushika jeneza upande wa kichwa. Bwana awape nguvu ambayo sisi kwa maneno hatuwezi kuwapa.

Nasi tuliobaki, tutulie kidogo. Yupo mtu nyumbani kwako ambaye hajui unafanya nini unapokuwa mbali. Labda ni mzazi, labda ni mwenzi wako. Labda alishauliza, ukamjibu kwa neno moja ukaondoka. Usingoje kazi yako ing'ae ndipo umwonyeshe. Mpelekee ilivyo. Na wewe unayengoja nyumbani, ukiletewa, nyoosha mkono. Tukae kimya kwa muda mfupi, kila mmoja pale alipo, tumwombee marehemu na tumfikirie huyo mmoja.

Asanteni. Na kwa waliochelewa kufungua redio, aliyekumbukwa leo ni Anania Nduwayezu wa Makere. Alikuwa fundi wa madirisha.